Jengo la Kijani Chuoni Lianze na Mita, Mchoro Ufuate

Karibu kila mradi wa jengo la kijani chuoni huanza kwa picha. Msanifu majengo huleta mchoro wa rangi ambamo paa limejaa paneli za sola, ukuta umetambaa mimea, na wanafunzi wamekaa vikundi vikundi katika ukumbi unaopitisha mwanga wa asubuhi. Baraza la chuo hupiga makofi, mfadhili huridhika, na kamati ya ujenzi huundwa siku hiyohiyo. Mimi naona hapo ndipo kosa kubwa linapofanyika, kwa sababu picha inaeleza jengo litakavyoonekana siku ya kufunguliwa, ilhali ukijani wa jengo ni habari ya namna litakavyotumia umeme, maji na hewa katika miaka 50 au 60 itakayofuata. Chuo kinachotaka jengo la aina hiyo kinapaswa kuupanga mradi kuanzia mwisho kurudi mwanzo: kwanza kiandike ni kiasi gani cha umeme na maji jengo litaruhusiwa kutumia likishakaliwa, kimtaje atakayesoma mita na kutoa taarifa, kitenge fedha za uangalizi wa miaka ya mwanzo, na baada ya hayo ndipo kimwite msanifu aje achore.

Mfano unaofundisha zaidi katika suala hili ni kituo cha masomo ya mazingira cha Adam Joseph Lewis katika Chuo cha Oberlin, jimboni Ohio, Marekani. Mradi huo uliongozwa na Profesa David Orr, na mchoro ukatoka katika ofisi ya msanifu William McDonough. Maandalizi yake yalikuwa ya kupigiwa mfano. Katikati ya miaka ya 1990 wanafunzi, walimu na wakazi wa mji walikaa pamoja katika vikao kujadili jengo linapaswa kuwa nini, na lengo wakaliweka juu kabisa, yaani jengo ambalo siku moja lingezalisha nishati nyingi kuliko linayotumia. Lilianza kutumika mwaka 2000, likapata paneli za sola za takribani kilowati 60 juu ya paa, pampu za joto, yaani mitambo ya umeme inayohamisha joto kutoka ardhini kwa kutumia visima vilivyochimbwa, na mfumo wa kusafisha maji taka kwa mimea na bakteria humohumo ndani. Sifa zake zikaenea duniani kabla hata matumizi ya mwaka wa kwanza hayajajumlishwa.

Kisha akajitokeza mwalimu wa fizikia wa chuo hichohicho, John Scofield, akafanya jambo ambalo lingepaswa kuwa la kawaida: alipima. Vipimo alivyoanza kuvichapisha mwaka 2002 vilionyesha kuwa jengo linatumia umeme mwingi kuliko ulivyotangazwa, na sehemu ya sababu ilikuwa boila ya umeme, kifaa kinachokula umeme mara kadhaa zaidi ya pampu ya joto kwa kazi ileile. Watafiti wa maabara ya taifa ya nishati jadidifu ya Marekani nao walilifuatilia jengo hilo. Mitambo ikarekebishwa, mwaka 2006 zikaongezwa paneli za kilowati 100 hivi juu ya eneo la kuegesha magari, na hapo hesabu ya mwaka ikaanza kulikaribia lile lengo la awali. Wapo wanaoisoma habari hii kama aibu kwa chuo. Mimi naiona kinyume chake, kwa kuwa Oberlin ilikuwa na hazina ambayo mwekezaji wa kawaida hana: mtu wa ndani mwenye ujuzi, mwenye ajira ya uhakika na mwenye uhuru wa kusema hadharani kwamba namba hazilingani. Ambacho mpango wowote wa namna hii unapaswa kujifunza ni kuiandika kazi ya mpimaji huyo tangu siku ya kwanza, apewe mita, apewe ruhusa na apewe nafasi ya kusikilizwa, ili siku atakapoleta habari mbaya asionekane mpinzani wa mradi.

Pengo kati ya hesabu ya mchoro na hesabu ya mita linajulikana sana miongoni mwa wahandisi, na mara nyingi halitokani na ulaghai wowote. Programu ya kompyuta inayokadiria matumizi ya jengo hudhani kwamba taa huzimwa jioni, kwamba madirisha hufungwa mitambo inapofanya kazi, kwamba darasa lina idadi fulani ya watu kwa saa fulani, na kwamba vidhibiti vyote vimewekwa sawasawa. Watu wanapohamia, mambo hubadilika: chumba cha stoo hugeuzwa chumba cha seva, friji tatu za maabara huongezwa bila kumwambia mtu, masomo ya jioni huanzishwa, na kidhibiti cha hewa huachwa kifanye kazi saa 24 kwa sababu siku moja mhadhiri alilalamika kuwa chumba kina joto na fundi hakuona njia nyingine ya haraka. Kila badiliko peke yake ni dogo na lina sababu yake ya maana, lakini yakijumlishwa huwa mzigo mkubwa.

Tufanye hesabu kidogo kwa jengo la kufikirika la mita za mraba 4,000. Mchoro umeahidi kilowati-saa (uniti za umeme) 60 kwa kila mita ya mraba kwa mwaka, yaani jumla ya 240,000, na mita zinaonyesha 110, yaani 440,000. Pengo la kilowati-saa 200,000 linaweza kuonekana dogo katika chuo kikubwa. Lakini kulifidia kwa sola kunahitaji paneli za kilowati 125 hivi mahali penye jua kali, ambapo kilowati moja ya paneli huzalisha kama kilowati-saa 1,600 kwa mwaka, au kilowati 200 mahali penye mawingu mengi ambapo huzalisha kama 1,000. Ikiwa jengo hilo lina orofa 4 zinazolingana, paa lake ni mita za mraba 1,000, na likitolewa nafasi za njia, matangi na mitambo, litabeba takribani kilowati 130 tu. Maana yake ni kwamba pengo peke yake linaweza kulimeza paa zima, kabla ya kilowati-saa hata moja kwenda kwenye matumizi yaliyotarajiwa. Ndiyo maana paneli za sola, ambazo watu huzitaja kwanza, mimi huziweka mwisho katika mpangilio wa mradi.

Kamati nyingi hudhani kwamba cheti kitalitatua tatizo hili. Mifumo ya vyeti ina kazi yake, na sitaki kuidharau: BREEAM ilianza Uingereza mwaka 1990, LEED ya Marekani ikafuata mwishoni mwa muongo huo, na EDGE, iliyobuniwa na shirika la IFC la Kundi la Benki ya Dunia, hudai jengo liokoe angalau asilimia 20 ya nishati, asilimia 20 ya maji na asilimia 20 ya mzigo uliofichika katika vifaa vya ujenzi, yaani nishati iliyotumika au hewa ukaa iliyotoka wakati wa kuvitengeneza. Yote hiyo imewafundisha wajenzi kuuliza maswali ambayo zamani hayakuulizwa. Hata hivyo, sehemu kubwa ya vyeti vya majengo mapya hutolewa kwa kutazama michoro, makadirio na nyaraka za ujenzi. LEED hukusanya alama hadi 110, na daraja la juu kabisa huhitaji 80 au zaidi. Katika hesabu hiyo, alama moja ya maegesho ya baiskeli hujumlishwa sawa na alama moja ya kuokoa nishati. Kamati yenye haraka hujikuta inawinda alama rahisi, na mshauri anayelipwa kwa ajili ya cheti hana sababu ya kuizuia.

Kuna njia nyingine. Nchini Australia mfumo wa NABERS hulipatia jengo nyota kwa kuangalia matumizi halisi ya miezi 12, na changamoto ya kimataifa ya majengo hai, inayojulikana kama Living Building Challenge, haitoi ithibati kamili hadi jengo lifanye kazi miezi 12 mfululizo na kuthibitisha kwa vipimo kwamba limefikia lilichoahidi. Taasisi ya teknolojia ya Georgia Tech, jijini Atlanta, iliichagua njia hiyo kwa ajili ya jengo lake la Kendeda, lililofunguliwa mwaka 2019 na kupata ithibati mwaka 2021. Jengo hilo lina dari iliyounganishwa kwa mbao zilizookolewa baada ya kutumika kutengeneza seti za filamu, lina vyoo vya mboji, yaani vinavyogeuza kinyesi kuwa mbolea, na linavuna maji ya mvua kwa matumizi yake. Lakini ninachokisifu kuliko vyote ni ule muda wa kusubiri: watu walikaa ndani, mita zikasomwa, na cheti kikaja baada ya kazi kuonekana. Iwapo fedha za chuo hazitoshi kununua cheti na mita kwa pamoja, ushauri wangu ni kununua mita.

Kabla ya kufika huko, lipo swali ambalo kamati ya ujenzi hailipendi, nalo ni kama jengo jipya linahitajika. Saruji, chuma na matofali hubeba hewa ukaa iliyokwisha kutoka viwandani kabla mwanafunzi wa kwanza hajaingia mlangoni. Utengenezaji wa saruji peke yake unakadiriwa kuchangia asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa yote inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Hewa hiyo hutoka yote kwa mara moja, ilhali akiba ya umeme huja kidogo kidogo kwa miongo. Msanifu wa Marekani Carl Elefante alipata umaarufu kwa kusisitiza kwamba jengo la kijani kuliko yote ni lile lililokwisha kujengwa, na kwa vyuo kauli hiyo ina uzito wa pekee, kwa sababu vyuo vina nafasi nyingi iliyolala. Darasa linalotumika nusu ya saa za masomo, na linapotumika likawa na nusu ya watu linaowaweza, limetumika kwa asilimia 25 tu ya uwezo wake. Mara nyingi tatizo linaloitwa uhaba wa madarasa ni tatizo la ratiba: kila idara inataka vipindi vyake viwe asubuhi katikati ya wiki, kila kitivo kinashikilia vyumba vyake kama urithi, na hakuna aliyepewa mamlaka ya kuvigawa upya.

Sisemi kwamba chuo kisijenge kamwe. Zipo maabara ambazo haziwezi kuhamishiwa jengo la zamani, na yapo majengo ambayo hata yakikarabatiwa hayatafaa. Ninachodai ni kwamba uamuzi wa kujenga utanguliwe na muhula mmoja mzima wa kuhesabu, ambapo watu wanapita vyumba vyote saa kwa saa wakiandika nani yumo, na matokeo yawekwe mezani pamoja na pendekezo la mradi. Kazi hiyo wanafunzi wanaweza kuifanya, na gharama yake haifikii hata ada ya awali ya mshauri mmoja.

Jengo jipya likishathibitika kuwa la lazima, busara iko kwenye urahisi. Pande ndefu zielekee kaskazini na kusini, kwa sababu jua la mashariki na magharibi huja likiwa chini na ni vigumu kulizuia kwa kivuli. Madirisha yawe ya ukubwa unaotosha mwanga wa kusomea, kwa kuwa ukuta wa vioo vitupu huingiza joto mchana na kulipoteza usiku. Vyumba visiwe vipana kiasi kwamba katikati yake kunahitaji taa saa sita mchana. Mahali penye usiku wa baridi, kuta nzito zinaweza kuhifadhi ubaridi huo hadi kesho yake. Mahali penye joto la unyevu usiku na mchana, kuta nzito hazisaidii sana, na feni nzuri ya dari inayosogeza hewa humfanya mtu ahisi nafuu ya nyuzi 2 hadi 3 kwa umeme mchache mno kuliko kiyoyozi. Maamuzi haya hayagharimu fedha nyingi yakifanywa mwanzoni, lakini yakicheleweshwa hadi michoro ya kihandisi imekamilika, hata kuzungusha jengo nyuzi chache kunakuwa jambo lisilowezekana.

Ushahidi kwamba urahisi huu unalipa uko katika Chuo Kikuu cha East Anglia, Uingereza, kwenye jengo la Elizabeth Fry lililokamilika katikati ya miaka ya 1990. Halina mvuto wa picha. Lina ofisi, vyumba vya semina na kumbi za mihadhara. Kuta zake zina tabaka nene la kuzuia joto lisipotee, hewa haivuji ovyo kwenye viungo vyake, na hewa safi hupitishwa kwanza ndani ya mashimo ya vibamba vya zege kabla ya kuingia vyumbani, ili zege lenyewe lipunguze makali ya joto na baridi. Matokeo yake jengo la zaidi ya mita za mraba 3,000 liliweza kupashwa joto kwa boila ndogo za aina inayofungwa majumbani. Wachunguzi wa mradi wa PROBE, waliokuwa wakirudi kwenye majengo baada ya kukaliwa ili kuona yanavyofanya kazi, waliliweka miongoni mwa yale bora kabisa waliyoyakagua, kwa nishati na kwa kuridhika kwa watumiaji pia. Lakini hata jengo hilo halikuanza vizuri: matumizi ya gesi yalikuwa makubwa hapo mwanzo, yakashuka sana baada ya watu wa chuo na wabunifu kukaa na mitambo ya udhibiti, kutazama namba na kuirekebisha. Mchoro mzuri uliwapa uwezekano, na urekebishaji wa subira ndio uliowapa akiba yenyewe.

Subira hiyo ina jina na utaratibu wake. Uingereza ilichapisha mwaka 2009 mwongozo uitwao Soft Landings, unaowataka wabunifu na mkandarasi wasiondoke siku ya kukabidhi funguo, wabaki wakilihudumia jengo na kulifuatilia kwa miaka 3. Ningependa kuona kifungu cha namna hiyo katika kila hati ya zabuni ya chuo, pamoja na kingine kinachozuia sehemu ya malipo ya mwisho hadi mita za miezi 12 zisomwe. Wakandarasi watapinga, na wana haki ya kusema kwamba hawawezi kuwajibika kwa friji ambazo idara imeziongeza yenyewe. Kwa hiyo kila sakafu na kila mfumo, yaani taa, hewa, soketi na maabara, upewe mita yake ndogo ili ijulikane ongezeko limetoka wapi na ni la nani. Bila mita ndogo hizo mabishano hayo hayana mwamuzi.

Hapa nitaje hatari nyingine ambayo imeharibu miradi mizuri kimyakimya. Zabuni zinapofunguliwa na bei ikazidi bajeti, kinafuata kikao cha kupunguza gharama, na mkadiriaji majenzi huleta orodha ya vitu vinavyoweza kuondolewa bila jengo kuanguka. Vivuli vya madirisha, tabaka la kuzuia joto, mita ndogo na feni huwa juu ya orodha hiyo, kwa kuwa hakuna kinachoonekana kupungua vikiondolewa. Kisha mhandisi wa mitambo, akiona jua sasa linaingia moja kwa moja, analazimika kuongeza ukubwa wa viyoyozi, na sehemu ya fedha iliyookolewa inarudi kutumika hapo, huku bili ya umeme ikipanda kwa maisha yote ya jengo. Dawa ninayoiamini ni kuandika mapema, wakati watu bado wametulia, orodha fupi ya vitu visivyoguswa, na kukubaliana kwamba bajeti ikipungua, kitakachokatwa ni eneo la sakafu. Jengo dogo lililokamilika lina manufaa kuliko kubwa lililopokonywa viungo vyake.

Wanaokosekana zaidi kwenye vikao vya mipango ni watu watakaolihudumia jengo. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kwa majengo ya chuo walalao kitandani humo ni mafundi umeme, mafundi bomba, walinzi na wahudumu wa usafi. Mfumo wa kusafisha maji taka kwa bakteria unaweza kubuniwa na wataalamu bingwa, na ukadhoofishwa na mhudumu anayemwaga dawa kali ya kuulia vijidudu kwenye sinki kila jioni, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa kufanya usafi na hakuna aliyemweleza kwamba chini ya sakafu kuna viumbe hai wanaofanya kazi. Vyoo vya mboji vinahitaji mtu aliyekubali kuvishughulikia, kwa malipo yanayolingana na kazi hiyo. Taa zinazojizima zenyewe zitazibwa kihisio kwa utepe wa gundi ikiwa zinamzimia mlinzi katikati ya doria. Mambo haya yote yangejulikana katika nusu saa kama msimamizi wa matengenezo angekuwa na kiti mezani tangu kikao cha kwanza, na kiti chenye kura. Ningekwenda mbali zaidi na kumpa haki ya kukataa kifaa chochote ambacho vipuri vyake havipatikani kwa urahisi au ambacho fundi wake lazima aitwe kutoka mbali, kwa kuwa mtambo uliosimama hauokoi kilowati-saa yoyote.

Kuna ukuta mwingine wa kiutawala unaostahili kubomolewa, nao ni ule unaotenganisha bajeti ya ujenzi na bajeti ya uendeshaji. Katika vyuo vingi ofisi moja hutafuta fedha za kujenga na kusifiwa kwa kumaliza ndani ya kiwango, na ofisi nyingine hulipa umeme, maji na ukarabati kwa miaka yote inayofuata. Ofisi ya kwanza haina faida yoyote kwa kununua dirisha bora, na ya pili haina sauti siku dirisha linaponunuliwa. Wafadhili nao hupenda kuweka majina yao kwenye jengo, na sijawahi kusikia ukumbi uliopewa jina la mtu aliyelipia kusafisha vichujio vya hewa. Chuo Kikuu cha Harvard kilijaribu kuliziba pengo hili kwa mfuko wa mkopo unaozunguka, ambao ulifikia dola milioni 12: idara hukopa ili kugharimia hatua ya kuokoa nishati, hulirejesha deni kwa akiba inayopatikana kwenye bili, na fedha hizo hukopeshwa tena kwa mwingine. Mfuko wa namna hiyo haulazimiki kuwa mkubwa ili ufanye kazi, lakini unalazimika kuwa na mita, kwani akiba isiyopimwa haiwezi kulipa deni. Na kwa mfadhili anayetoa fedha za jengo jipya, chuo kiwe na ujasiri wa kumwomba sehemu ya zawadi hiyo iwekwe akiba kwa ajili ya matunzo. Akikataa, ni afadhali kuujua ukweli huo mapema.

Chuo kina upekee mwingine ambao mipango mingi huusahau, nao ni kalenda yake. Jengo la ofisi hutumika mwaka mzima, lakini chuo hujaa na kutawanyika kwa mihula. Paneli zinaweza kuzalisha umeme mwingi kuliko kawaida katika miezi ambayo madarasa yamefungwa, na matangi ya maji ya mvua yanaweza kujaa wakati hakuna wa kuyatumia, maji yakakaa kwenye mabomba hadi yakaharibika. Paa la mita za mraba 1,000 hukusanya lita 1,000 kwa kila milimita moja ya mvua, kabla ya kutoa yale yanayopotea, kwa hiyo tangi likadiriwe kwa kulinganisha miezi ya mvua na miezi ya masomo, na hesabu inayochukua wastani wa mwaka itapotosha. Maabara nazo zihesabiwe peke yake: kwa eneo lilelile zinaweza kutumia nishati mara 3 au 4 zaidi ya ofisi, hasa kwa sababu ya makabati yanayofyonza mvuke wa kemikali na kuitoa nje hewa iliyokwisha kupozwa au kupashwa joto. Kampeni ya kuwakumbusha watafiti kushusha vioo vya makabati hayo wanapomaliza kazi inaweza kuokoa zaidi ya paneli zilizo juu ya vichwa vyao.

Kuhusu wanafunzi, wengi huwashirikisha kwenye warsha ya kwanza na kuwaaga hapo. Mradi huchukua miaka 4 au 5 tangu wazo hadi ufunguzi, na waliotoa wazo wanakuwa wamehitimu. Ushirikishwaji wa maana ni ule unaodumu, ambapo kila mwaka darasa fulani la uhandisi, takwimu au jiografia hupewa takwimu za mita za jengo kama zoezi la kozi, hulinganisha na mwaka uliopita, na huwasilisha ripoti mbele ya baraza la chuo, ikiwa nzuri au mbaya. Takwimu hizo zihifadhiwe maktabani kama tasnifu zinavyohifadhiwa, ziwe wazi kwa yeyote. Wanafunzi hao watajifunza jinsi majengo yanavyofanya kazi kuliko kwa kitabu chochote, na chuo kitapata kumbukumbu ambayo haiondoki na mtu anapostaafu.

Kwa hiyo kamati ya ujenzi ikiniuliza kitu cha kwanza cha kununua kwa fedha za mradi, jibu langu litakuwa mita ndogo za majengo yaliyopo sasa. Ziko kampasi ambazo chuo kizima kinasomwa kwa mita moja langoni, na hakuna anayejua kama mtumiaji mkubwa ni maktaba, mabweni au jiko. Zifungwe leo, zisomwe mwaka mzima huku msanifu akitafutwa, na jina la msomaji wake liandikwe kwenye muhtasari wa kikao cha kwanza. Siku msanifu atakapokuja na ubao wake wa rangi, atakuta mezani karatasi moja yenye namba mbili: kiasi ambacho majengo ya chuo hutumia sasa kwa kila mita ya mraba, na kiasi ambacho jengo lake halitaruhusiwa kukizidi.